Tuwazoeshe Watoto Vyakula Vibichi kwa Hatua, Wala Tusitie Katika Dini Lisilokuwemo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi wa wanafunzi wa madrasa baada ya Swala ya Alasiri)

  



Mkutano huu tumeuitisha kwa sababu ya swali moja tuliloulizwa na baba mmoja miongoni mwetu, na ambalo hatukuweza kulijibu papo kwa papo kwa kuwa aibu ilituzidi. Ni haki yenu kujua lilivyokuja.

Miaka miwili iliyopita tulimkaribisha hapa hapa mzungumzaji kutoka nje ya jumuiya yetu, akatoa darasa refu juu ya vyakula vibichi. Alisema kuwa chakula kilichopita motoni ni chakula kilichokufa, kwamba maradhi yetu yote chanzo chake ni sufuria, na kwamba Mtume (S.A.W.) aliishi kwa tende, maziwa na asali, hivyo kurudi kwenye vyakula vibichi ni kurudi kwenye Sunna. Sisi tuliopewa dhamana ya uongozi tulikaa safu ya mbele tukiitikia kwa vichwa. Mwezi uliofuata tukayachapa maneno yale katika jarida hili bila kuyapima, si kwa mizani ya dini wala ya elimu ya afya.

Nyumba moja ikayachukua maneno yale kwa ukamilifu wake. Wiki ile ile jiko likazimwa. Watoto watatu, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa ameachishwa ziwa, wakawa wanakula matunda, karoti, kabichi mbichi na karanga zilizorowekwa, basi. Wakubwa wawili walikuwa wakipita kwa jirani kimya kimya wakipewa ugali na dagaa, na huenda hilo ndilo lililowanusuru. Yule mdogo hakuwa na miguu ya kumfikisha kwa jirani. Ulipofika mwezi wa nne, mstari wa uzito katika kadi yake ya kliniki ulikuwa umeshuka, nywele zimepoteza weusi wake na amekuwa mtoto wa kulala tu. Muuguzi alipomuuliza mama chakula anachompa mwanawe, mama alijibu kwa fahari kuwa anamlisha kwa Sunna.

Alhamdulillah, mtoto yule sasa ni mzima na anakimbia. Baba yake ametupa idhini tulieleze jambo hili pasina majina. Hakuja kutugombeza. Alikaa nasi mkekani baada ya Isha akauliza kwa upole: "Masheikh wangu, mbona mliniambia ni Sunna?"

Jibu ni kwamba tulikosea. Tuliacha jambo lisilo la dini liingizwe katika dini mbele ya macho yetu, ilhali harakati yetu ilianzishwa kwa lengo la kuitakasa dini na mambo ya namna hiyo. Tunawakemea wenzetu kwa hirizi na makafara, kisha sisi tukaweka itikadi kwenye kachumbari. Tunamuomba Allah (S.W.) msamaha, tunaiomba radhi familia ile, na tunaomba radhi kwenu nyote.

Hata hivyo, ndugu zetu, toba yetu isitupeleke upande wa pili. Katika wiki hizi tumewasikia baadhi ya wazazi wakisema, "Ndiyo hayo, mtoto ale chipsi zake ashibe." Hilo nalo ni kosa. Ndiyo maana hotuba hii ina mambo mawili: kwanza kulirekebisha lile tulilolikosea, kisha kuonyesha namna ya kuwazoesha watoto wetu vyakula vibichi vinavyofaa, kwa kiasi kinachofaa na kwa mwendo unaofaa.

MOTO NI NEEMA

Tuanze na Kitabu cha Allah. Katika Suratul Waqia, aya ya 71 hadi ya 73, Mwenyezi Mungu anatutaka tuutafakari moto tunaouwasha, na anaueleza kuwa ni ukumbusho na ni manufaa kwa wanaouhitaji safarini. Katika Suratu Yasin, aya ya 80, anatukumbusha kuwa ni Yeye aliyetufanyia moto kutokana na mti mbichi. Nabii Ibrahim (A.S.) alipotembelewa na wageni asiowajua, katika Suratu Hud aya ya 69, aliwaandalia ndama wa kuchoma, na Qur'an imekitaja kitendo hicho katika kusifu ukarimu wake. Itakuwaje basi Muislamu aamini kuwa moto huo huo unakifisha chakula na kukifanya kuwa sumu?

Ama Mtume wetu (S.A.W.), Hadith sahihi zinaeleza kuwa alikula nyama ya bega la kondoo iliyopikwa kisha akaswali, na kwamba alikula tharidi, yaani mkate uliotoweshwa kwa mchuzi. Ni kweli pia alikula vibichi. Abdullah bin Jaafar (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kuwa alimuona Mtume akila tende mbivu pamoja na matango. Bibi Aisha (R.A.), katika Abu Daud, ameeleza kuwa alikuwa akila tikiti kwa tende mbivu ili ubaridi wa kimoja uvunje ujoto wa kingine. Vibichi alikula na vilivyopikwa alikula, kwa vile alivyojaaliwa siku hiyo. Abu Huraira (R.A.) anasimulia kuwa hakupata kukitia chakula ila hata mara moja: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha.

Lipo jambo jingine ambalo mzungumzaji wetu hakulitaja. Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula vitunguu na vitunguu saumu vibichi asikaribie msikiti kwa ajili ya harufu yake. Khalifa Omar bin Khattab (R.A.), katika khutba iliyopokewa na Imam Muslim, aliwaambia watu kuwa anayevila basi avifishe harufu kwa kuvipika. Kupika kunaelekezwa juu ya mimbari kama dawa ya ubichi! Na anayesema kuwa kilichopikwa hakifai kwa Muislamu, tunamkumbusha aya ya 87 ya Suratul Maida, inayotukataza kujiharamishia vizuri alivyotuhalalishia Mola wetu.

Rai hii ya kula vibichi peke yake haikutoka Makka wala Madina. Ina historia yake huko Ulaya na Marekani. Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Uswisi alikuwa akiwatibu wagonjwa wake mjini Zurich mwanzoni mwa karne ya 20 kwa tufaha mbichi lililoparuzwa likachanganywa na shayiri iliyorowekwa. Baadaye akaja bibi mmoja huko Boston, Ann Wigmore, aliyeenea sana kwa maji ya majani machanga ya ngano. Baadhi ya waliowafuata wakadai kuwa chakula kibichi kina vimeng'enya vyake vyenyewe vinavyokuja kutusagia chakula tumboni. Wataalamu wa mwili wanaeleza kuwa vimeng'enya ni protini, navyo vikifika kwenye tindikali ya tumbo huvunjwavunjwa kama protini nyingine yoyote. Kazi ya kusaga hufanywa na vimeng'enya ambavyo Allah ameuumba mwili uvitoe wenyewe.

Na watu wazima waliofuata njia hiyo kwa ukamilifu wamechunguzwa. Utafiti wa wataalamu wa Giessen, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 1999, ulihusu mamia ya watu wanaoishi kwa vyakula vibichi. Miongoni mwa wanawake walio chini ya miaka 45, kiasi cha asilimia 30 walikuwa hedhi zao zimevurugika au zimekatika kabisa, kwani mwili ukiona chakula hakitoshi hufunga milango ya uzazi kwanza. Hao ni watu wazima wenye akili zao, waliojichagulia, katika nchi yenye kila aina ya tunda mwaka mzima. Mtoto hana hiari hiyo. Tumbo lake ni dogo na ukuaji wake ni mkubwa. Bakuli la kabichi mbichi humjaza bila kumpa nguvu wala mafuta ya kutosha. Na vitamini B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu haiwezi kuikosa, haipatikani katika matunda na mboga kwa kiasi cha kutegemewa. Inatoka katika samaki, nyama, mayai na maziwa.

Kanuni ya sharia inajulikana na kila mwanafunzi wa madrasa hii: hapana kudhuru wala kudhuriana. Na Mtume (S.A.W.), katika Hadith aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.), ameeleza kuwa yamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapoteza wale anaowalisha.

KWA NINI BADO TUNAVITAKA VIBICHI

Tazameni mlango wa shule yoyote saa nne asubuhi. Mtoto ana shilingi zake mkononi, na mbele yake kuna soda, juisi za rangi za mfukoni, biskuti, pipi, ubuyu uliopakwa rangi nyekundu na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta yaliyoanza kazi tangu jana. Karibu na hapo yupo mama mwenye sinia la mapapai na machungwa, naye anarudi nyumbani nalo nusu. Tunaishi katika nchi ambayo maembe huoza chini ya miti Desemba na Januari, na watoto wetu wanakunywa maji ya sukari yenye harufu ya embe.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano wana upungufu wa damu. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Malaria na minyoo vina sehemu yao katika hali hii, lakini na sahani ina sehemu yake. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha huingia mwilini kwa shida, ila yakikutana na vitamini C huingia kwa wepesi. Na vitamini C ndiyo inayoharibiwa na moto na kumwagwa pamoja na maji ya kuchemshia. Hapa basi kibichi na kilichopikwa huhitajiana: maharage yaliyoiva vizuri, pembeni kachumbari yenye ndimu, na baada yake pera moja. Pera, ndugu zetu, lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa, na huku kwetu tunalihesabu kuwa tunda la watoto watoro. Chai ya rangi tunayoinywa juu ya chakula hufanya kinyume chake, huzuia chuma kisiingie, kwa hiyo ni bora iahirishwe.

Karoti ni mfano mwingine. Mbichi ni nzuri, lakini ile rangi yake ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A hupatikana kwa wingi zaidi ikiwa imepikwa kidogo na kutiwa mafuta. Mpishi wa zamani aliyetia karoti katika mchuzi wa nazi hakuwa amepotea.

VISIVYOLIWA VIBICHI

Hapa tunaomba kina mama na kina baba mtusikilize kwa makini zaidi, maana wapo waliochukua neno "kibichi" wakalipeleka kwenye kila kitu.

Maharage, hasa mekundu, yakiliwa mabichi hata punje nne au tano zinaweza kumtapisha mtu vibaya. Kuyaroweka peke yake hakutoshi, lazima yachemke kwa nguvu. Muhogo una sumu ya asili inayotoa sianidi. Ule mtamu tunaotafuna na karanga barabarani una sumu kidogo, lakini ule mchungu usipoandaliwa kwa kurowekwa na kuanikwa ipasavyo huleta maafa. Mwaka 1985 kule Tarime watu walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo kutokana na muhogo wa namna hiyo. Kisamvu nacho hutwangwa na kuchemshwa, hakitiwi katika blenda. Mayai mabichi na nyama mbichi si vya mtoto. Maziwa ya ng'ombe yasiyochemshwa huweza kubeba kifua kikuu na homa ya kutupa mimba, hata kama muuzaji ni Muislamu mwaminifu na ng'ombe tunamjua kwa jina.

Asali, ambayo Qur'an imeitaja kuwa ina ponyo, haipewi mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauna nguvu za kuvizuia. Kuiahirisha miezi michache si kuikanusha aya. Swala nayo ni nguzo, na mtoto haamrishwi mpaka atimize miaka saba. Na chakula cha miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, kisha maziwa yaendelee pamoja na vyakula vingine mpaka miaka miwili kwa anayetaka kutimiza, kama ilivyo katika aya ya 233 ya Suratul Baqara.

Karanga na korosho zikaguliwe. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, hata zikiwa kilo nzima. Sumukuvu haiondoki kwa kuchagua juu juu wala kwa kukaanga, nayo si jambo la kusikia tu: mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 wengine walikufa Dodoma na Manyara, kwa mahindi yaliyoota ukungu huo. Mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe karanga nzima wala vipande vya karoti ngumu, kwa hofu ya kupaliwa. Karoti iparuzwe, karanga zisagwe.

Halafu kuna suala la maji. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea nchini na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Mboga nyingi za mijini hulimwa mabondeni, kama bonde la Msimbazi, na humwagiliwa maji ambayo hakuna kati yetu angekubali kuyatawadhia. Mboga ya kuliwa mbichi ioshwe jani kwa jani katika maji yanayotiririka, kisha isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Wakati wa mripuko wa maradhi, saladi iachwe kabisa na watoto wale matunda wanayoyamenya wenyewe: ndizi, chungwa, embe, parachichi. Muislamu anayepekua twahara ya nguo yake asishindwe kupekua twahara ya tango la mwanawe.

MWENDO WA HATUA

Sasa, vipi tutamtoa mtoto kwenye soda na biskuti? Familia tuliyoitaja ilifanya kwa siku moja. Sisi tunasema tujifunze kutoka kwa Mola wetu alivyowalea waja wake. Pombe haikuharamishwa kwa siku moja. Kwanza iliteremka kuwa madhara yake yanazidi manufaa yake (Al-Baqara 219), kisha wakakatazwa kuikaribia swala hali ya kuwa wamelewa (An-Nisaa 43), kisha ndipo lilipokuja katazo kamili (Al-Maida 90), na mitaa ya Madina ikatiririka pombe iliyomwagwa. Bibi Aisha (R.A.), katika Bukhari, ameeleza kuwa lau la mwanzo kuteremshwa lingekuwa ni kuwakataza watu pombe, wangalisema hatuiachi kamwe. Wale walikuwa watu wazima walioshuhudia Wahyi ukishuka. Vipi mtoto wa miaka mitano?

Kinachofanya kazi, kwa tuliyoyaona katika nyumba zetu na kwa wanayotufundisha wauguzi, ni kuongeza kabla ya kupunguza. Wiki za mwanzo msimnyang'anye mtoto chochote. Mwekeeni tunda moja kila siku mahali pa wazi, limekatwa, wakati ambapo ana njaa kweli, mfano anapotoka madrasa na kabla chakula cha usiku hakijaiva. Mtoto mwenye njaa na tikiti mbele yake hahitaji hotuba. Likizoeleka, wekeni vipande vya tango au karoti iliyoparuzwa pembeni ya wali wake. Akikataa, msimshike taya. Wataalamu wanasema chakula kipya huenda kikahitaji kuonjeshwa mara kumi au zaidi kabla mtoto hajakikubali, na wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu tukasema huyu hapendi mboga.

Wala msimwambie, "Kula tango nitakupa pipi." Mnamfundisha kuwa tango ni adhabu na pipi ndiyo thawabu.

Soda ishuke kwa kiasi: ya kila siku iwe ya Ijumaa, ya Ijumaa iwe ya Idi. Juisi ya nyumbani itiwe sukari pungufu kila wiki, kijiko kwa kijiko, na ulimi wa mtoto hautatambua. Tumbo nalo lina desturi yake. Aliyezoea mikate myeupe akipewa mboga mbichi nyingi kwa ghafla atajaa gesi na kuumwa, kisha ataichukia, na kwa haki.

Lililo zito zaidi ni letu sisi. Omar bin Abi Salama (R.A.), mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), anasimulia kuwa mkono wake ulikuwa ukizunguka ndani ya sahani, na Mtume akamfundisha ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Tuangalie alipokuwa Mtume wakati huo: alikuwa kwenye sahani ile ile. Siku hizi baba anakula peke yake saa nne usiku, nyama choma na soda, na watoto wamekwisha lala. Kesho anauliza kwa nini watoto hawataki mchicha. Kina baba, rudini kwenye sinia. Kina mama wamekwisha choka kusikia darasa hizi peke yao.

Watoto washirikishwe pia. Mtoto aliyeosha nyanya, akaminya ndimu na kuchanganya kachumbari kwa mkono wake ataila, angalau kwa kujisifu. Aliye na uwanja hata wa hatua mbili apande mpapai. Asiye na uwanja apande mchicha katika gunia.

Na Ramadhani ni madrasa iliyo tayari. Anas (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, akizikosa kwa tende kavu, na akizikosa kwa mafunda ya maji. Futari zetu zimekuwa sambusa, bajia, kaimati na visheti, mafuta juu ya mafuta, na tunda linaletwa mwisho ambapo hakuna nafasi iliyobaki. Ibadilishwe tartibu tu: tende, maji na matunda kwanza, kisha Magharibi iswaliwe, kisha futari iliyopikwa. Hakuna kilichoharamishwa, na mtoto atakuwa amekula tunda kwa siku thelathini.

Kwa upande wetu, uongozi umekubaliana mambo haya. Makala tuliyoichapa miaka miwili iliyopita tunaifuta, na maelezo ya kuifuta yatatoka ukurasa wa mbele wa toleo lijalo, si pembeni. Hakuna atakayepewa mimbari kuzungumzia tiba kabla maelezo yake hayajasomwa na sheikh mmoja na mtabibu mmoja. Duka dogo la madrasa litaacha kuuza soda na juisi za mfukoni kuanzia mwanzo wa muhula. Litauza machungwa yaliyomenywa, ndizi mbivu na karanga zilizokaguliwa, na tunamuomba yule mama mwenye sinia la mapapai, ambaye yupo nasi hapa leo upande wa kina mama, akubali kuwa wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Ndoo ya maji ya bomba yenye dawa na sabuni itawekwa mlangoni. Muuguzi wa kujitolea atakuja Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwapima uzito watoto walio chini ya miaka mitano, na wazazi waje na kadi za kliniki. Baba yake yule mtoto ndiye aliyejitolea kuiazima mizani na kuileta kwa baiskeli yake.